Waliokuwa na Daftari

Muulize mtu yeyote anachojua kuhusu Caligula, yule kaizari wa Roma aliyeuawa mwaka 41, atakuambia habari za farasi. Eti alitaka kumpa farasi wake cheo cha konsuli. Suetonius, mmoja wa waliotuachia kisa hicho, aliandika miaka kama 80 baada ya kaizari kufa, na hata yeye anasema tu kwamba ilisemekana. Lakini nani anajali? Farasi ameingia kwenye riwaya na sinema, amefika mpaka kwenye vichekesho vya simu. Maseneta waliokaa wakimpigia bwana wake makofi hawakufika. Wewe na mimi hatujui jina la hata mmoja.

Huku kwetu tuko na Idi Amin. Ana stika zake WhatsApp, kifua kimejaa medali. Kuna ule msemo wa kwamba uhuru wa kusema upo, ila uhuru baada ya kusema hauna dhamana. Unazungushwa na picha yake kila siku na hakuna anayeuliza kama kweli ni yeye aliyeusema. Hapa Eldoret tungekuwa na sababu ya kutocheka sana. Februari 1976 Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya kihistoria ni ya Uganda, kwa sababu mpaka 1902 Uganda ya wakoloni ilifika hadi upande wa Naivasha. Piga hesabu: Pioneer yote ingekuwa yake, na kinyozi wako na mama mboga wako ndani. Baadaye alirudi nyuma, na leo hiyo pia ni stori ya kuchekesha.

Sinema ndizo zimetufundisha kumwona hivi. Ile ya 1981 ya Sharad Patel, *Rise and Fall of Idi Amin*, ilimpa Mkenya Joseph Olita nafasi ya Amin, na Olita anafanana naye mpaka unashtuka. Humo Amin anakula nyama ya watu. Ulaji huo haujawahi kuthibitishwa, lakini ndio mtu anaoukumbuka akitoka kuitazama. Miaka 25 baadaye ikaja *The Last King of Scotland*. Forest Whitaker akachukua Oscar kwa haki kabisa, lakini tunamwona Amin kupitia macho ya daktari kijana kutoka Scotland ambaye hakuwahi kuwepo. Waganda wanapita nyuma nyuma, wengi wao wakingoja zamu ya kufa.

Shida yangu na Amin mla watu ni hii. Mtu kama huyo hahitaji msaidizi. Ni zimwi, na zimwi hufanya kazi zake peke yake, halina karani.

Sasa tazama filamu ya Barbet Schroeder ya 1974. Hiyo haina mwigizaji, ni Amin mwenyewe akijionyesha kwa kamera. Alitaka vipande fulani vikatwe, na mwelekezi alipokataa akawakamata Wafaransa waliokuwa Uganda mpaka vikakatwa. Kuna sehemu anaongoza kikao cha mawaziri. Anaongea weee, anamsema waziri wake wa mambo ya nje, Michael Ondoga. Wenzake wamekaa kimya na daftari zao mbele, wengine wanaandika. Wanaandika nini, jamani? Machi mwaka huo mwili wa Ondoga ulipatikana kwenye mto Nile.

Hao wenye daftari ndio wananinyima usingizi. Mwezi Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na serikali ikasema ni ajali ya gari. Hiyo taarifa haikujiandika. Kuna mtu aliketi kwenye taipureta akaichapa, akarekebisha herufi, akaenda lunch. Nakasero, ofisi ya ujasusi wa Amin iliitwa ya utafiti. Utafiti! Ilikuwa na madereva na mishahara ya mwisho wa mwezi. Tukisema Amin alikuwa kichaa, tunawapa wote hao ruhusa ya kwenda nyumbani. Tunawapa ruhusa Waingereza pia, waliokuwa kati ya wa kwanza kuitambua serikali yake mwaka 1971.

Utaniambia kicheko ni silaha ya mnyonge. Sawa, ilikuwa silaha ilipokuwa na bei. Byron Kawadwa, mwandishi na mwongozaji wa tamthilia, alichukuliwa kutoka jumba la taifa la michezo ya kuigiza Kampala mwaka huo huo wa 1977 na kuuawa. Akicheka Kawadwa, hicho ni kicheko. Mimi nikituma stika nikiwa kwa matatu ya kwenda tao, kwangu ni bando tu inayoisha.

Picha zilizonigusa zaidi hazina uigizaji wowote. Mwaka 2019 makumbusho ya Uganda yalionyesha sehemu ya negatifu takriban 70,000 za wapiga picha wa serikali ya Amin, zilizokuwa zimefungiwa kabatini kwenye shirika la utangazaji. Ni sherehe, hotuba, kupeana mikono. Hakuna vichwa kwenye friji. Mateso hayakupigwa picha za serikali. Kinachoonekana ni watu wamepiga pasi vizuri, wamesimama kwa mstari, wanatabasamu.

Mwisho wa 2024 mchoraji wa vibonzo Kibet Bull, anayewachora wakubwa kama vivuli vyeusi, alitekwa Nairobi, akaachiliwa Januari. Mtandaoni tulibishana wiki nzima ni kiongozi yupi anafanana na Amin na kwa asilimia ngapi. Stika zilitoka kali sana. Lakini lile gari lilikuwa na dereva. Kuna mahali aliweka mafuta, kuna mtu alimfungulia geti usiku, na asubuhi kuna mtu alimpikia chai.