Haki ya Kijidudu

Mimi niliishia kidato cha nne, lakini jambo hili limeninyima usingizi. Kijidudu cha kipindupindu, tunachokiogopa kila mafuriko ya Rufiji yajapo, kina kromosomu mbili. Wataalamu walizisoma zote mwaka 2000. Kabla ya kugawanyika, hunakili kila moja. Kwenye ile kubwa, protini iitwayo ParB hung'ang'ania sehemu maalumu, na mwenzake, ParA, huivuta nakala moja hadi upande wa pili wa seli. Kila mtoto hutoka na urithi kamili.

Hapa Umwe, baba alituachia mikorosho kumi na miwili. Tulipogawana, fungu la dada aliyeolewa Kibiti tulilimeza sisi wanaume. Niliona, nikanyamaza, maana langu lilinona.

Je, kijidudu kina haki kunishinda? Nasema hapana. Chenyewe hunakili kwanza ndipo kigawe; hakuna anayepungukiwa. Mkorosho haunakiliki. Haki ya binadamu huanza pale ambapo ukimpa mwenzio, wewe unapungua.

Msimu ukifika, mikorosho yangu mitatu ni ya dada. Kaka ananuna. Na anune.