Mdai Asiye na Sauti

Deni ni jambo zito. Mtu aliyekopa huijua vizuri njia ya kwenda kwa aliyemkopesha, na pengine huikwepa. Humkumbuka mdai wake alalapo na aamkapo, kwa kuwa anajua kwamba siku moja atabisha hodi. Na hata kama moyo wake haupendi kulipa, liko baraza la wazee, iko mahakama, iko na aibu mbele ya majirani. Kwa hiyo wengi wetu hulipa madeni yetu, wala si lazima tuwe watu wema sana ili tuyalipe. Yatosha tuwe watu wenye kuogopa.

Lakini tuseme yuko mdai asiyeweza kubisha hodi. Hana mdomo wa kudai, hana shahidi, hana wakili, wala mwenyewe hajui kwamba anatudai, maana hajazaliwa. Je, mtu wa namna hiyo aweza kuwa na haki juu yetu? Na ikiwa anayo, ni nani atakayetuhimiza tuilipe? Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Wapo watu ambao hulijibu kila siku kwa jembe na kwa ndoo ya maji, nao ni wale wanaofanya kazi ya kuhifadhi misitu mjini Moshi na katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Yafaa tulipime kwa kuitazama kazi yao.

Mpingo na wenye kuupanda

Mpingo wajulikana na kila Mtanzania. Ndio mti ambao moyo wake mweusi huchongwa vinyago vya Wamakonde. Na huko Ulaya na Marekani mafundi huutumia kutengenezea klarineti na oboi, kwa sababu ni mgumu na mzito, wala hauharibiwi upesi na unyevu wa pumzi ya mpigaji. Lakini mti huu hukua polepole mno. Wataalamu hukadiria kwamba huchukua miaka 70 hadi 100, na pengine zaidi, kabla ya kufaa kukatwa mbao. Mtu mwenye umri wa miaka 40 akiupanda leo, hatauona ukivunwa. Na yamkini hata mwanawe hatauona.

Mwaka 1992 ilitolewa filamu juu ya mti huu, na ndani yake alionekana Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea kutoka Kibosho, ambaye alisoma katika Chuo cha Wanyamapori cha Mweka na kufanya kazi miaka mingi huko Ngorongoro. Filamu hiyo ilitazamwa Texas, Marekani, na James Harris, fundi wa kukereza mbao ambaye alikuwa akiutumia mpingo katika kazi yake. Wawili hao, ambao hawakuwa wa kabila moja wala nchi moja, waliwasiliana, na katikati ya miaka ya 1990 wakaanzisha shirika lisilotafuta faida, African Blackwood Conservation Project, ambalo kazi yake ya kupanda hufanyika Moshi na vijiji vya jirani. Mwaka 2002 Chuwa alitunukiwa tuzo ya Rolex kwa juhudi hizo. Kufikia mwaka 2004 miti iliyopandwa, mipingo pamoja na miti ya aina nyingine, ilitimia milioni moja. Mwaka 2014 alifariki dunia.

Tufanye hesabu ndogo. Mche uliotiwa ardhini mwaka 1996 ulikuwa na miaka 18 siku mpandaji wake alipofariki. Haukuwa umefika hata theluthi moja ya safari yake. Hii ndiyo hali ya kazi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Mbegu hukusanywa, viriba hujazwa udongo na samadi, miche humwagiwa maji na kuwekewa kivuli, kisha kivuli hupunguzwa kidogo kidogo ili izoee jua, na masika yakinyesha hupelekwa mahali pake. Vijana, akina mama, walimu na wanafunzi hufanya yote hayo kwa ajili ya mavuno yatakayochukuliwa na mikono wasiyoijua.

Je, ni hisani au ni deni?

Watu wengi huwasifu wapandaji hawa kwa kusema kwamba wanawafanyia hisani watu wa baadaye. Sifa hiyo yapendeza, lakini ina hatari ndani yake. Hisani ni jambo ambalo mtu akilitenda husifiwa, na akiliacha halaumiwi. Basi kama kupanda na kuhifadhi ni hisani tu, asiyepanda hana kosa, na mwenye kuchoma msitu amekosa ukarimu tu! Lakini kama ni deni, mambo yabadilika: aliyepanda amelipa, na asiyepanda bado anadaiwa.

Huenda mtu akasema: “Haki yahitaji mwenye haki. Asiyekuwepo hana jina wala mwili, atawezaje kudai?” Hoja hii yaonekana kuwa na nguvu, lakini hebu tuipime. Tuseme fundi amepewa kazi ya kujenga shule, naye akaiba saruji na kuusimamisha ukuta kwa mchanga mtupu. Ukuta wadumu miaka 20, kisha wawaangukia watoto wenye umri wa miaka 8. Siku ile fundi alipoiba, hakuna hata mmoja wa watoto hao aliyekuwa amezaliwa. Je, yuko hakimu atakayemwachilia kwa sababu hiyo? Hayuko. Basi yabainika kwamba dhuluma yaweza kutendwa leo, na mwenye kudhulumiwa akazaliwa kesho.

Tena tuitazame mifongo, ile mifereji ambayo Wachagga waliichimba ubavuni mwa mlima tangu karne zilizopita, wakayatoa maji katika mabonde ya mito na kuyaleta vihambani, penye migomba na kahawa. Waliochimba hawakumjua hata mmoja wa wale wanaoyatumia leo. Waliweka na utaratibu: kila mwenye kunufaika na mfongo hana budi kutoka siku ya kuusafisha na kuutengeneza, na asiyetoka hutozwa faini. Mtu anayefungulia maji kihambani kwake asubuhi anakula jasho la watu waliokwisha kufa. Atawalipaje? Makaburini hakuna mkono wa kupokea. Njia ya kuwalipa waliotangulia ni moja tu, nayo ni kuwapa watakaofuata. Kwa hiyo asiyezaliwa anatudai, kwa kuwa yeye ndiye mrithi wa wale waliotukopesha.

Haki ya aliyepo

Hata hivyo iko hoja nyingine, na hiyo haijibiwi kwa maneno matamu. Yuko mama katika kijiji kilicho chini ya msitu. Leo hii anahitaji kuni za kupikia na majani ya ng’ombe wake aliyemfunga zizini. Akiambiwa, “Usiingie msituni, kwa ajili ya wajukuu wa wajukuu wako,” ana haki ya kuuliza: “Na watoto wangu hawa walio hai, wao si watu?”

Mwenye kulipuuza swali hilo hajafahamu uadilifu. Ni rahisi sana kuwapenda watu wasiozaliwa, kwa sababu hawali, hawaugui, wala hawatusumbui. Na ni dhuluma mtu kulipa deni lake kwa mkoba wa jirani, na hasa jirani maskini. Historia ya mlima huu inalo fundisho. Mwaka 1941 ukanda wa nusu maili ulitengwa kandokando ya mpaka wa chini wa msitu, ukawekwa chini ya mamlaka ya Wachagga wenyewe, ili wananchi wapate humo kuni, majani na mbao, na msitu wa juu ubaki salama. Shabaha yake ilikuwa kwamba aliyepo apate haja yake, na ajaye asinyang’anywe. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliundwa mwaka 1973, na mwaka 2005 mipaka yake ilipanuliwa ili kuuingiza msitu wa mlima. Tangu hapo habari ya nusu maili imekuwa jambo la malalamiko vijijini na la maswali Bungeni.

Hatusemi hapa mpaka upitie wapi. Hilo ni la wenye mamlaka na wananchi wenyewe. Twasema tu kwamba mlinzi wa msitu mwenye insafu hutazama pande mbili. Akimnyima mama yule kuni, yampasa amwonyeshe pa kuzipata. Na hapa ndipo faida ya vitalu inapoonekana, maana si miche ya mpingo peke yake inayohitajiwa. Mpingo hustawi huko chini penye joto. Vihambani yafaa ipandwe migrivilea na miti mingine ikuayo upesi, ambayo matawi yake hukatwa kwa kuni bila mti kufa. Kila mzigo wa kuni upatikanao nyumbani ni mzigo ambao haukutoka msituni.

Hasara yenyewe ni ipi?

Pengine msomaji ajiuliza kama jambo hili lina uzito unaostahili maneno mengi hivi. Watu wengi huitazama theluji ya Kibo na kudhani kwamba ndiyo mama wa mito yote. Ni kweli kwamba barafu hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na jambo hilo lahuzunisha. Lakini watafiti wamebainisha kwamba maji ya mlima hutoka hasa katika msitu. Katika miteremko ya kusini, sehemu ya msitu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, hali mjini Moshi mvua haifiki nusu yake. Tena miti ya juu huunasa ukungu, na matone yake hudondoka na kuingia ardhini. Maji hayo hushuka katika mifongo na mito, hufika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kuendelea na Mto Pangani hadi baharini, yakizalisha umeme njiani. Kwa hiyo anayeunguza msitu juu ya Marangu anamdhulumu hata mtu wa Hale ambaye hajapata kumwona.

Oktoba 2020 moto uliteketeza kiasi cha kilomita za mraba 95 za uoto wa juu mlimani, na mamia ya watu walipanda kuuzima kwa matawi na majembe. Oktoba 2022 moto ukawaka tena. Msitu wa miaka mingi huteketea kwa siku chache, lakini kuurudisha ni kazi ya umri mzima wa mtu, au zaidi.

Mtihani wa mwenye kulipwa mshahara

Yabaki swali moja. Wengi wa wanaofanya kazi katika mashirika ya namna hii hulipwa mshahara. Je, malipo hayaondoi thamani ya wema wao? Jibu ni kwamba mshahara hununua saa za mtu. Hauwezi kuununua uaminifu wake. Nao uaminifu katika kazi hii hujaribiwa kwa njia ya pekee. Mwashi akijenga vibaya, ukuta waweza kumuumbua angali hai. Lakini aliyepanda mti wa miaka 80 nani atamkagua? Wafadhili hupenda hesabu, nao husoma idadi ya miche iliyopandwa. Mche uliopandwa si mti. Waweza kuliwa na mbuzi, kukauka kiangazi, au kuungua, na taarifa iliyoandikwa ofisini ikabaki vilevile, nzuri na yenye kumeremeta. Basi yule anayerudi mwaka wa pili na wa tatu kuhesabu iliyokufa, akaandika idadi yake bila kuficha, na kupanda mingine mahali pake, huyo ndiye aliyemheshimu mdai asiye na sauti. Mwingine amepanda karatasi.

Hapa ndipo tunapofahamu kwa nini mafundisho ya dini yameliita jambo hili amana. Amana hutunzwa hata pale mwenyewe asipoweza kuidai, maana yuko Shahidi asiyelala. Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. amefundisha kwamba mtu akipanda mti, kisha akala humo binadamu, mnyama au ndege, huandikiwa kuwa ni sadaka yake. Katika mafundisho hayo hakuna sharti kwamba mpandaji awepo, wala kwamba mlaji amjue. Lakini hata yule ambaye bado anatafuta na hajaikubali dini yoyote, akili yake mwenyewe yamshuhudia kwamba maji anayokunywa yalilindwa na watu ambao hakuwahi kuwashukuru.

Basi, ndugu msomaji, tusingoje kubishiwa hodi na mdai ambaye hatabisha kamwe. Wahenga wamesema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Asiye na shamba anao ua. Asiye na ua aweza kutoka siku ya kusafisha mfongo. Na asiyeweza hata hilo, aweza kuuzima moto wa majani aliouwasha kabla ya kwenda zake. Mwenyezi Mungu atujalie tuwe watu wanaolipa pasipo kuogopa mahakama, na atusaidie tusiwadhulumu waliopo wala wajao. Amin.