Je, Yafaa Kumkatalia Mteja kwa Ajili ya Dini?

Baadhi ya watu huuliza: Je, mfanyabiashara mcha Mungu aweza kumkatalia mteja ambaye mwenendo wake umekatazwa na dini? Wengine hujibu mara moja kwamba mali ni yake, basi amwuzie amtakaye. Wengine husema kwamba aliyewafungulia watu wote mlango hana haki ya kuufunga mbele ya mmoja. Ndugu msomaji, kabla ya kuhukumu, na tuyatazame mambo mawili yaliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza.

La kwanza lilitokea Cornwall mwaka 2008. Wenye hoteli moja, mume na mke Wakristo, waliwanyima chumba cha kitanda kimoja wanaume wawili waliokuwa wameandikisha muungano wao kisheria. Walijitetea kwamba vyumba hivyo ni vya waliooana tu. Lakini wakati ule sheria haikuwaruhusu watu wa jinsia moja kuoana, hivyo sharti lile hawangeweza kulitimiza kamwe. Mwaka 2013 wenye hoteli walishindwa.

La pili lilitokea Belfast mwaka 2014. Mtu mmoja aliagiza keki yenye maandishi ya kuunga mkono ndoa za jinsia moja, akalipa pauni 36.50. Waokaji wakamrudishia fedha zake. Mahakama za chini zilimpa haki mteja, lakini mwaka 2018 majaji 5 waliamua kwa kauli moja kwamba waokaji hawakukosea. Kwa nini? Kwa sababu walichokikataa ni maneno, si mtu. Mteja mwingine yeyote angaliyaomba maandishi yale, naye angalikataliwa vilevile.

Huenda mtu akasema: Kumhudumia mtenda dhambi si kumsaidia katika dhambi? Jawabu letu ni hili. Islam hailihalalishi tendo hilo, wala hatulifichi jambo hili. Lakini mwenye duka hamwulizi mnunuzi wa mkate kama anakula riba, anakunywa pombe au anamsengenya jirani. Akiwapitisha hao wote na kumzuia mmoja tu, basi anachokikimbia si dhambi, bali ni mtu anayemchukia. Kweli, kitanda ki karibu na tendo kuliko mkate, na uzito waliouona wenye hoteli ile si wa kudharauliwa. Lakini asiyeweza kuwakaribisha wageni wote anayo njia ya halali: asiigeuze nyumba yake kuwa hoteli.

Ama hukumu ya umma, mara nyingi huvuka mpaka. Mwaka 2015, huko Walkerton katika jimbo la Indiana, Marekani, wenye duka dogo la piza walimwambia mwandishi wa habari kwamba wasingepeleka chakula kwenye harusi ya watu wa jinsia moja. Hakuna aliyekuwa amewaagiza. Hata hivyo walitishwa mpaka wakafunga duka kwa siku kadhaa, na waliowahurumia wakawachangia zaidi ya dola 800,000. Hawa walileta vitisho, wale wakaleta fedha, na swali lenyewe likabaki bila jawabu. Kususia duka ni haki ya mnunuzi. Kutishia uhai wa mtu ni dhuluma.

Na anayedhani kwamba jambo hili ni la watu wengine, akumbuke Lahore. Desemba 2015 polisi waliondoa katika soko moja mabango yaliyowakataza Waahmadiyya kuingia madukani, na wafanyabiashara wakaandamana kupinga. Mabango hayo nayo yalibandikwa kwa jina la dini.

Kurani Tukufu inatutaka tuwe waadilifu hata kwa watu tusiopatana nao. Basi, msomaji mpendwa, kama una duka, usiandike kwa mkono wako neno usiloliamini, nawe sema hivyo kwa adabu kwa kila anayeliomba. Lakini anayekuja kununua mkate, mpimie sawasawa na mwenzake, kwa maana hukumu ya moyo wake haikuwekwa juu ya mizani yako.