Jirani Aliyefukuzwa na Watu Wetu

Somo: Luka 10:25–37



Sudan imo vitani tangu Aprili 2023. Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma nchini Kongo, na familia zikakimbia na magodoro kichwani. Kanisa linapowachangia watu hao linatenda haki. Tuendelee kutoa. Lakini somo la Jumapili hii linatudai zaidi ya mchango kwa walio mbali.

Msamaria aliyemsaidia mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani hakumhudumia mtu wa kwao. Wayahudi na Wasamaria walikuwa hawachangamani, na chuki yao ilikuwa ya vizazi. Yesu alimchagua makusudi, ili tujiulize: je, anayekimbia akiwa amefukuzwa na watu wetu wenyewe, nitampokea?

Sisi wa Matete swali hili lilishatufikia. Wakati huo tulikuwa chini ya Wilaya ya Lugari. Matokeo ya urais yalipotangazwa Desemba 30, 2007, nyumba za Wakikuyu zilichomwa katika wilaya yetu, na maelfu wakajazana kwenye Kituo cha Polisi cha Turbo. Kenya nzima watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na zaidi ya nusu milioni wakahama makwao. Waliochoma hawakutoka ng'ambo. Wengine walikuwa vijana wetu, tuliowabatiza sisi.

Siku zile, kumpelekea mkimbizi gorogoro ya maharagwe kulihitaji ujasiri, maana aliyemhurumia aliyefukuzwa aliweza kuitwa msaliti. Hata hivyo, wapo waliojitolea. Mwishoni mwa Januari 2008, Kanisa la Marafiki, lililoanzia Kaimosi mwaka 1902, liliwakutanisha viongozi wake mjini Kakamega. Vikundi vyao vya amani vilipeleka misaada kambini, kisha vikaketi kuwasikiliza waliofukuzwa na pia waliobaki vijijini. Walijua kwamba unga hushibisha leo, lakini mtu hawezi kurudi shambani kwake ikiwa jirani bado amemkunjia uso.

Tazameni tena Msamaria. Alitumia mafuta yake, divai yake, mnyama wake na fedha zake. Kisha akamwahidi mwenye nyumba ya wageni kwamba atarudi kulipa kilichozidi. Hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Wiki ya kwanza blanketi hufurika. Mwezi wa tatu wanaougua kambini hawana wa kuwatembelea. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kwa waliokimbia vita vya Sudan na ingalipo, na mwaka 2025 mgao wa chakula ulipunguzwa vikali kwa kukosa fedha. Huruma isiyorudi huacha kazi katikati.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Tusingoje kuona moshi. Kila ushirika uchague sasa watu watakaowapokea wanaokimbia, bila kuuliza kabila wala kura. Tutenge sehemu ya mavuno kwa ajili yao. Kinamama na wazee, zungumzeni na vijana kabla wanasiasa hawajawafikia. Nawe msomaji, wiki hii mtembelee jirani asiye wa kabila lako, ujue jina la kila mtoto wake, na umwambie waziwazi kwamba nyumba yako iko wazi kwake.

Bwana atupe moyo wa kutenda hivyo. Amina.