Mwacheni majini

Wiki hii nilikuwa Michamvi, maji yamekupwa, nikamwona kijana anayetembeza wageni kwa ngalawa anazamisha mkono na kuibuka na kiti cha pweza. Yule mkubwa, wa kijivu cheupe, mgongo umetiwa nyekundu kama kofia ya darizi. Akamweka mgeni kiganjani. Picha. Mgeni akampa mwenzake. Picha. Mtoto akataka awekewe kichwani, akawekewa. Nilipouliza, kijana akanijibu kwa upole: "Hafi huyu, mzee wangu. Si tunamrudisha?"

Jibu hilo bado limenikaa kooni.

Mnyama huyu wataalamu humwita Protoreaster lincki. Ni wa Bahari ya Hindi, na hufikia upana wa sentimita 30 hivi. Hana mapafu, hana moyo. Hupumua kwa vijinyama laini vilivyochomoza kwenye ngozi na kwa vijiguu vilivyojipanga chini ya mikono yake, na vyote vinataka maji ya bahari. Maji hayohayo hupita kwenye mifereji ya ndani na kuvipa vijiguu nguvu ya kushika na kutembea. Kumwinua juani ni kumkaba. Sisi tunasema hafi kwa kuwa hapigi kelele! Angekuwa mbuzi angelia, na mgeni mwenyewe angesema mwacheni.

Najua nitakayoambiwa. Wewe mzee una mshahara, kijana anatafuta riziki; na wavuvi wanaotoa pweza kila siku, mbona huwaandiki? Pweza analiwa, jamani. Tena huko Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji wamewahi kufunga sehemu ya miamba yao kwa miezi ili pweza akue. Wenye njaa ya kweli wameweza kujizuia. Huyu wa picha haliwi, anasumbuliwa tu.

Na riziki ipo. Matumbawe ya kisiwa cha Chumbe ni hifadhi tangu 1994. Waliokuwa wavuvi wakawa walinzi wake, na huongoza wageni wanaolipa fedha nzuri bila kugusa kitu. Wanalipia macho yao, na maneno ya anayewaonyesha. Kijana wangu wa Michamvi maneno anayo, tena matamu.

Basi mgeni avae miwani ainame, apige picha yake humohumo majini. Aking'ang'ania kumshika, aambiwe hapana, na nauli ya ngalawa ibaki ileile.