Fedha Imekwenda Wapi?

Watu wengi hudhani ya kuwa furaha huongezeka kwa kadiri ya fedha aliyo nayo mtu. Ni wachache waulizao fedha hiyo imekwenda wapi. Mimi nami sikuuliza. Nilipopata mshahara wangu wa kwanza wa ualimu nilinunua viatu vyeusi vya ngozi, na kwa muda wa juma zima nilivitazama kuliko nilivyoitazama njia. Kisha nikavizoea. Mwezi huo huo nilimlipia binamu yangu nauli ya basi ili aende kumwuguza mama yake. Viatu vilikwisha kutupwa zamani. Uso wa binamu yangu katika dirisha la basi ningali nauona.

Yamkini msomaji atasema kuwa huo ni ushuhuda wa mtu mmoja. Basi na asikie haya. Mwaka 2008 wataalamu watatu, Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton, walitangaza jaribio lililofanywa Vancouver, nchini Kanada. Watu 46 walipewa asubuhi bahasha zenye dola 5 au dola 20. Baadhi yao waliagizwa kuzitumia kwa haja zao wenyewe, wengine kwa ajili ya wenzao, kabla ya saa kumi na moja jioni. Jioni ilipofika, waliowatumilia wenzao walikuwa na furaha zaidi, wala mwenye dola 20 hakumshinda mwenye dola 5. Baadaye watu wa Kanada na wa Uganda walitakiwa wakumbuke matumizi yao ya zamani. Katika nchi zote mbili, furaha ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokumbuka walivyowatendea wengine.

Lakini kutoa si furaha kila mara. Yuko atoaye katika harambee ili jina lake lisomwe; huyo amenunua sifa, na sifa huchakaa upesi kama viatu vyangu. Yuko pia aliyesongwa na madai ya jamaa, akapeleka fedha kwa simu usiku, uso ameukunja, na karo ya mwanawe haijalipwa. Nimepata kuwa mtu huyo. Nilitoa mara kumi ya nauli ile, na usingizi haukunijia.

Tofauti yake niliitafuta kwa muda mrefu. Binamu yangu hakuniomba kitu. Nilimkuta kituoni akihesabu sarafu zake, akirudia kuzihesabu.