Baga ya Baba

Augustino, katika Maungamo aliyoyaandika karibu na mwaka 400, alishikilia kwamba yaliyopita hayapo tena popote ila katika kumbukumbu. Nikiufikiria mkahawa wa baga wa Wimpy wa Nairobi, nashindwa kukubaliana naye. Baba alinipeleka pale: mkate umekauka pembezoni, kitunguu kimeungua kidogo, mafuta yakinichuruzika hadi kwenye kiwiko, naye akanisogezea nusu ya baga yake bila kusema neno. Kijana wa kibanda cha mtaani kwetu hukaanga baga tamu kuliko ile, na Ijumaa sikosi kwake. Lakini ninachokithamini si ladha, ni wema wa Baba; na kama wema ule umebaki kichwani mwangu tu, basi utazikwa pamoja nami. Hilo silikubali. Naamini Mungu anaukumbuka, na kwake kukumbuka ni kuuweka hai, pamoja na aliyeutenda.